Hesabu ya Magunia

Karani wa dirisha la pili hakuniangalia.
"Bado dola mia na themanini," alisema,
kama mtu aliyeulizwa saa.
Nikatoka, nikaketi kwenye ukingo wa mtaro,
nikapiga hesabu nyuma ya silabusi ya uchumi:

gunia moja la unga wa muhogo,
kutoka bandari ya Muhanzi hadi soko la Kadutu,
franga elfu mbili, mvua isiponyesha.
Dola moja, franga elfu mbili na mia nane.
Zidisha. Gawanya.
Safari mia mbili hamsini na mbili.
Mama ana shingo moja.

Kwenye paji lake la uso mugozi umechimba mfereji.
Akinawa jioni
maji yanajua pa kupita.

Tulikutana ukumbini, umeme umekatika,
tukasemezana bila kuonana nyuso.
Cirhuza alitaka tuchome matairi.
"Moshi wameuzoea," akasema Ansima wa sheria,
"wanafunga madirisha tu, wanaendelea na chai.
Kila mmoja aazime mugozi wa mama yake.
Twende tumebeba."

"Tumebeba nini?"

Kimya. Halafu mtu wa nyuma akacheka,
kwa maana sote tulijua:
silabusi tulizonunua kwa lazima,
risiti za ada ya maabara isiyo na chupa hata moja,
za maktaba iliyofungwa,
za kadi, za muhuri wa kadi,
za karatasi ya kuombea muhuri.

Alhamisi tukapanda kutoka ziwani, watu mia tatu na ushee.
Wengine waliongeza mawe, ili uzito usiwe wa kuigiza.
Mimi niliongeza mawili, na kabla ya Nyawera
nilikuwa nayajutia, kila moja kwa jina lake.
Shingo ilitetemeka kama mlingoti wa bendera.

Wabebaji walisimama kando ya barabara wakitucheka,
wanawake wale tunaowapita kila siku bila salamu.
Kisha mmoja akashindwa kuvumilia:
"Usiinue kichwa, mjinga wewe!
Angalia visigino vya aliye mbele."
Mwingine akaniinamisha mgongo kwa kiganja.
Watatu wakaingia mstarini.
Mama alitokea, akanivutia mugozi juu ya nyusi,
vidole viwili tu, kama anayemvisha mtoto kofia,
akaondoka. Alikuwa na safari nne kabla ya giza.

Langoni Ansima alisoma barua bila kutua mzigo.
Sauti ilimtoka nyembamba, ikipita pembeni ya kamba:

"Hatukuja kuomba sadaka.
Kila alfajiri mama zetu wanakata tikiti ya soko,
franga mia mbili, mvua au jua,
hata siku ambayo hawajauza wala kubeba.
Hiyo ni kodi. Imeingia hazina.
Chuo hiki wamekwisha kukilipia,
na sisi tunalipishwa mlango uleule mara ya pili.
Hazina ilipe mwalimu. Hazina ilipe taa.
Ada ishuke hadi pale shingo moja inapoweza kufika."

Akatoka bwana mmoja mwenye tai,
akapokea barua, akagonga muhuri juu ya goti lake.
Waziri atajulishwa, alisema.
Lini? Atajulishwa.

Tukayatua magunia palepale langoni.
Askari kijana akajaribu kuondoa moja kwa mkono mmoja,
likagoma. Akaweka bunduki begani,
akajaribu kwa miwili.
Alilitazama gunia kwa muda,
kisha akatazama mlima tuliotoka.
Sijui aliwaza nini. Huenda aliwaza chakula cha mchana.

Usiku nilifungua hesabu yangu nikaandika:
limebebwa moja, bila malipo.
Mama akiwa anavua sandali aliuliza kama tumejibiwa.
Nikamwambia wamegonga muhuri.

"Muhuri," alisema,
akautundika mugozi kwenye msumari wa karibu na mlango,
pale mkono unapoufikia gizani.